Friji haigandishi, duka halirudishi pesa

SWALI: Nilinunua friji katikati ya jiji kwa shilingi 58,000. Wiki ya tano ikaacha kugandisha. Duka likatuma fundi, akajaza gesi, ikafanya kazi siku 9 tu. Sasa wananionyesha maandishi ya chini ya risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Niende kortini au niachane nao?
Msomaji, Kayole, Nairobi

JIBU: Usiachane nao, ila usianzie kortini. Maandishi hayo hayamkingi muuzaji aliyekupa kitu kibovu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya 2012, muuzaji huhesabiwa kuwa amekuhakikishia bidhaa ya ubora unaostahili, na sharti la kufuta hakikisho hilo ni batili.

Gesi ya friji haiishi kama ya kupikia. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua kwa wiki tano, kuna mahali inavuja, na kujaza bila kuziba ni kuahirisha tatizo. Tazama nyuma, kwenye maungio ya bomba la shaba karibu na kompresa, ile mashine inayosukuma gesi. Ukiona doa la mafuta hapo, mara nyingi ndipo panapovuja. Lipige picha, na pia kibandiko chenye modeli na namba ya mashine. Fundi wako aangalie, apime baridi, aandike alichokiona na kutia sahihi, lakini asifungue chochote. Akifungua, duka litasema nyinyi ndio mlioiharibu, na kulipinga hilo ni kazi ngumu.

Risiti za karatasi laini hufifia zikabaki nyeupe. Toa nakala leo, na uhifadhi ujumbe wa M-Pesa.

Kisha andika barua ya madai, ukurasa mmoja: tarehe ya kununua, bei, kasoro, siku fundi wao alipokuja, na unachotaka, ama friji nyingine ama 58,000 zako. Wape siku 14 na uwaalike waje kuikagua. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Wakikubali, makubaliano yaandikwe yakiwa na tarehe. Ahadi ya kaunta husahaulika mara tu mhudumu anapobadilishwa.

Siku zikipita kimya, nenda Mahakama ya Madai Madogo, Milimani. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, si lazima uwe na wakili, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60 tangu kufungua kesi. Wengi hukwama kwenye jina. Jina la ubao wa duka huenda ni la biashara tu. Wa kushtakiwa ni mwenyewe au kampuni iliyosajiliwa. Tafuta usajili kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kujaza fomu, maana hukumu dhidi ya jina lisilo na mtu hailipwi na yeyote.

Kwa kiasi chako na ushahidi huo, sisi tungefungua kesi, mradi duka bado lipo na lina mali. Kushinda na kulipwa ni mambo mawili. Mdaiwa akikaidi, utarudi kortini kuomba hukumu itekelezwe, na dalali wa mahakama naye ana gharama zake. Kama wameshafunga na kuhama, kwanza jua walikohamia.