Taa ya mashine ya kukuzia picha: iulize karatasi, usiyaamini macho

Mashine yangu ya kukuzia picha, ile inayomulika negativu na kuitupa ikiwa kubwa juu ya karatasi inayosikia mwanga, ni Opemus ya Meopta, kazi ya Chekoslovakia ya zamani. Aliniachia mjomba wangu aliyekuwa na studio hapa Tanga, pamoja na kopo la biskuti lililojaa negativu: harusi, maulidi, watoto wa shule wamepanga mstari mbele ya darasa. Kwa muda mrefu haikunisumbua. Usiku mmoja, nikiwa kwenye karatasi ya tatu, balbu ikaungua, nikabaki na taa nyekundu ya chumba cha giza.

Wengi wanaoniuliza habari za mashine hizi wamekwama hapo hapo. Chuma ni kizima, lenzi ni safi, taa ndiyo imekufa, na duka la vifaa vya umeme mtaani halijawahi kuuza balbu ya aina hiyo. Nawaeleza nilivyofanya mimi, pamoja na makosa mawili yaliyonimalizia pakiti nzima ya karatasi, na karatasi sasa ni ghali.

Kwanza ijue balbu iliyokufa ilikuwa inafanya kazi gani. Ni balbu ya wati 75 au 150, kioo chake cheupe kama maziwa tufe zima, na usoni haina maandishi. Sababu ipo. Chini yake kuna lenzi mbili nene za kondensa zinazokusanya mwanga na kuupitisha kwenye negativu, na lenzi hizo hazisamehe. Weka balbu ya kioo kisicho na rangi, utachapa na uzi wake. Weka yenye nembo ya kiwanda kwenye paji, kivuli cha nembo kinaweza kuibuka katikati ya shela la bibi harusi. Ukibahatika kuipata yenyewe, inunue. Ila ukiagiza Marekani kwa majina ya PH211 au PH212, soma volti kabla hujalipa: hizo ni za umeme wa kule wa volti 120 hivi, na kwenye umeme wetu wa 230 zinakufa papo hapo.

Mimi sikuipata. Nikanunua LED ya wati 9, nyeupe ya kawaida ya sebuleni, nikaifunga kwenye holda, nikawasha. Ubaoni, pale chini panapolazwa karatasi, mwanga ulionekana umetandaa vizuri kuliko hata wa zamani. Nikachapa. Picha ikatoka nyeusi katikati na kona zake zimepauka, kama imepigwa kupitia tundu la mlango.

Hapo ndipo nilipojua kwamba macho hayafai kupima kazi hii, kwa kuwa yanazoea tofauti upesi sana. Kipimo ninachokitumia tangu siku hiyo ni hiki. Toa negativu, acha fremu yake tupu, nyanyua kichwa cha mashine kufikia ukubwa unaouchapa kila siku, funga tundu la lenzi hadi alama ya f/8, weka kichujio (kipande cha rangi kinachotawala ukali wa weusi na weupe) kikali cha namba 4 au 5, kisha tafuta muda utakaokupa rangi ya kijivu cha katikati. Isafishe karatasi hiyo kama picha kamili, ianike ikauke. Halafu chukua mkasi, kata kona moja na uilaze juu ya kitovu cha karatasi. Tofauti ambayo ulikuwa huioni inakuwa kama kiraka kwenye kanzu. Fanya hivyo kwa kona zote nne. Kona moja tu ikiwa imepauka, balbu imekaa upande. Zikipauka zote nne, shida ni kimo cha balbu, au mwanga wenyewe hautawanyiki vya kutosha.

Kwangu zilipauka zote. Balbu ya LED nusu yake ni kitako cha plastiki, mwanga unatoka kwenye kuba peke yake, na kuba hilo halikai pale lilipokuwa tufe la zamani. Nililegeza skrubu ya fimbo inayobeba holda, nikawa napandisha sentimita moja moja na kuchapa kijivu kila hatua. Ilisaidia lakini haikumaliza. Kilichomaliza ni kipande cha plastiki nyeupe ya maziwa, unene wa milimita 3, ile inayotumiwa na mafundi wa mabango yanayowaka kwa ndani. Fundi alinikatia duara kwenye masalio yake, nikaliweka juu ya kondensa. Muda wa mwanga uliongezeka zaidi ya mara mbili, nami sikujali, kwa sababu mwanga uliotawanywa hivyo unaficha mikwaruzo na vumbi, na negativu za kopo la biskuti zina mikwaruzo ya miaka arobaini. Picha pia inalainika kidogo. Namba moja ya juu ya kichujio inairudisha. Onyo: plastiki hiyo ni ya LED tu. Balbu ya uzi ya wati 150 itaipinda, pengine itaiyeyusha.

Kosa la pili lilinisumbua wiki mbili. Weupe wa picha ulikuwa unatoka na ukungu, kanzu zimekuwa za kijivu. Nikailaumu karatasi, nikailaumu dawa, nikabadili taa nyekundu. Mwishowe nilizima kila kitu, nikakaa kwenye stuli gizani dakika kumi bila kugusa chochote. Nilipotazama juu, kwenye matundu ya hewa ya kichwa cha mashine, niliona mwanga hafifu kama kaa lililofunikwa jivu. LED ilikuwa inawaka huku taima, saa inayowasha na kuzima taa ya mashine, imezimwa.

Nilichukua tesita, bisibisi ya kupimia umeme, nikagusa ndani ya holda, taima ikiwa bado imezimwa, na kitaa cha tesita kikawaka. Mashine ilikuja na plagi yake ya Ulaya ya pini mbili, na kwenye adapta niliichomeka vyovyote, nayo ikakubali vyovyote. Kwa hiyo taima ilikuwa inakata waya wa kurudi, na waya wa moto unafika kwenye balbu saa zote. Balbu ya uzi isingeonyesha chochote. LED inatosheka na umeme kidogo mno unaovuja, ikawa inamulika karatasi yangu kila nilipoifungua. Fikiria pia kwamba kwa mpangilio ule, kubadilisha balbu huku nikitegemea taima kungeweza kuniua. Nilikata plagi ile, nikafunga ya pini tatu yenye fyuzi, waya wa moto upitie kwenye taima, na waya wa ardhi nikaukaza kwenye chuma cha mashine. Kaa likazimika. Kama kwako litabaki baada ya hapo, basi taima yenyewe inavujisha, badili taima au jaribu balbu nyingine. Na kama hujawahi kufunga plagi, mwite fundi umeme usimame naye.

Ukiwa umeshaifungua, tazama na nyaya za ndani ya kichwa. Mpira uliokaa juu ya joto miaka mingi hukauka, ukiukunja unapasuka kama ganda la yai. Weka waya wa silikoni unaostahimili joto. Ukikuta nyaya zimevishwa kitu cheupe chenye nyuzinyuzi kama pamba ngumu, usikikwangue: baadhi ya mashine za zamani zilitumia asbesto.

Sasa rangi ya mwanga, ambayo wengi wanaisahau kabisa. Karatasi kama Ilford Multigrade inasikia mwanga wa bluu na wa kijani. Bluu huipa weusi na weupe mkali, kijani huipa kijivu laini, na vichujio kuanzia 00 hadi 5 vinagawa kati ya hivyo viwili. LED nyeupe asili yake ni bluu iliyopakwa unga wa manjano. Ile yangu ya kwanza iliandikwa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 6500, ina bluu tele, na negativu niliyozoea kuichapa kwa namba 2 ikawa inatoka kama ya namba 3. Nilipobadili nikaweka ya kelvini 3000, namba zangu za zamani zikakaribia kurudi. Hazikurudi sawasawa, na hazitarudi. Anza daftari jipya la muda na vichujio.

Balbu nyingine za LED huchelewa kuwaka kidogo, na hazichelewi sawa kila mara. Ukichapa kwa sekunde tatu utaona. Funga tundu la lenzi mpaka ufike sekunde kumi na kuendelea, tofauti hiyo inamezwa.

LED imenipa neema moja ambayo sikuitarajia. Balbu ya uzi ilikuwa inatawaliwa na umeme: volti zikishuka kwa asilimia 5 tu, yaani kutoka 230 hadi 218 hivi, mwanga wake hupungua kwa asilimia 16 hivi, na unageuka mwekundu zaidi. Jioni, mtaa mzima umewasha pasi na majiko, picha ya pili haikufanana na ya kwanza ingawa sekunde ni zile zile. LED nzuri inajirekebisha yenyewe. Siku hizi nachapa hata saa moja usiku.

Wenye mashine zenye vichwa vya kuchapia picha za rangi, vinavyotumia balbu ya halojeni, nina neno fupi. Msinunue balbu ya halojeni ya dari kwa sababu umbo linafanana. Balbu ya vichwa hivyo iitwayo EFP, kwa mfano, ni volti 12 wati 100, pini zake zimeachana zaidi ya za balbu ya dari, na mwanga wake unakusanyika mahali pamoja mbele ya kioo chake kinachorudisha mwanga. Pia badilisheni holda ya kauri pamoja na balbu. Hapo zinapita ampea nane na ushee. Pini iliyoungua nyeusi inachemka, na itaiua balbu mpya mapema.

Karatasi yangu ya kijivu ya mwisho, yenye kona nne zilizokatwa na kubandikwa katikati, ipo ukutani juu ya beseni za dawa. Kwa nyuma nimeandika aina ya balbu, tarehe, na kimo cha fimbo: sentimita 4 na nusu kutoka kwenye kola, pete inayoishika fimbo hiyo.