Maswali ya Wasomaji kwa Daktari wa Mifugo: Mbwa Anaponguruma, Anapobweka na Anapotafuna

SWALI: Daktari, pole na kazi. Tunafuga mbwa dume wa miaka miwili kwa ajili ya ulinzi, na watoto wanampenda sana. Kwa muda wa mwezi mmoja sasa, mtoto wetu wa miaka sita akipita karibu na sufuria ya chakula chake, mbwa hunguruma na kuonyesha meno, ingawa hajamuuma mtu. Mume wangu humchapa kwa kipande cha mpira wa maji kila anaponguruma. Shemeji yangu anasema tumlaze chali kwa nguvu na kumkandamiza mpaka akubali kwamba sisi ndio wakubwa, na jirani ametushauri tununue ukanda wa shingoni unaorusha umeme. Isitoshe, mbwa huyu humrukia kila anayeingia getini. Tufuate njia ipi?
Mama wa watoto wawili, Arusha

JIBU: Mama, asante kwa barua yako, na hasa kwa kuandika kabla mtoto hajaumwa. Kuanzia leo mbwa ale mahali ambapo mtoto hawezi kufika, iwe ni ndani ya banda lililofungwa au nyuma ya mlango uliokomewa, na sufuria iondolewe akishamaliza na kutoka. Kinga hii iendelee siku zote mtakapokuwa mnamfundisha. Mpelekeni pia kwa daktari wa mifugo aliye karibu nanyi, kwa sababu mbwa aliyekuwa mpole akabadilika ndani ya mwezi mmoja huenda ana maumivu ya jino, sikio au kiungo, na hakuna mafunzo yanayoponya jino bovu.

Sasa nije kwenye mpira wa maji. Naelewa hofu ya baba anayemwona mnyama akimwonyesha mwanawe meno, lakini naomba mtazame kwa makini kinachotokea kabla ya mngurumo. Mbwa anayeona chakula chake kiko hatarini kwanza hula haraka kuliko kawaida. Kisha mwili hukakamaa juu ya sufuria, kichwa hushuka, na jicho hutazama pembeni hata weupe wake ukaonekana. Ndipo hunguruma, halafu huonyesha meno, na asiposikilizwa huuma. Mngurumo ni onyo, na kwa familia yenye mtoto mdogo onyo hilo ni la thamani kubwa. Mbwa anayechapwa kwa kunguruma hujifunza kutonguruma, lakini hofu yake juu ya chakula hubaki pale pale, tena huzidi, kwa kuwa sasa mtoto akikaribia anajua na kipigo kinafuata. Watu wengi walioniletea mbwa ‘aliyeuma bila kuonya’, nilipowauliza taratibu, walinieleza kwamba zamani alikuwa akinguruma wakamkomesha kwa fimbo.

Wazo la shemeji yako lina historia yake. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel alichapisha aliyoyaona kwa mbwa mwitu wa aina ya Ulaya (kwa Kiingereza ‘wolf’) waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, na kutokana na ugomvi wao ilienea imani kwamba kila kundi lina mbabe anayewatawala wenzake kwa nguvu. Mmarekani David Mech, ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kiliisambaza imani hiyo, alikuja kuwachunguza mbwa mwitu walio huru, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto wao. Kwa hiyo mbwa wenu hagombei ukubwa wa nyumba anapolinda ugali na dagaa wake. Tena anayemlaza chali mbwa mwenye hofu anaweka uso wake karibu kabisa na meno, na wapo walioumia vibaya kwa njia hiyo.

Kuhusu ukanda wa umeme, nasema hapana bila kusita. Mbwa anapopata maumivu ya ghafla huyahusisha na kile anachokiona wakati huo, na katika nyumba yenu atakachokuwa anakiona ni mtoto. Wales iliupiga marufuku mwaka 2010. Mwaka 2020 watafiti wa Ureno walichapisha matokeo ya kuwalinganisha mbwa 92 kutoka shule mbalimbali za mafunzo, na wale waliofundishwa kwa njia za ukali walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo, huku kiasi cha kortisoli, homoni ambayo mwili huitoa unapokuwa na msongo, kikipanda zaidi katika mate yao baada ya somo.

Njia ninayoipendekeza inatumia kanuni iliyoelezwa na Ivan Pavlov wa Urusi, aliyeonyesha kwamba mbwa huanza kudondosha mate kwa ishara tupu ikiwa ishara hiyo imezoea kutangulia chakula. Sisi tunataka hatua za mtu anayekaribia ziwe ishara ya jambo jema. Mtu mzima asimame mbali kiasi ambacho mbwa anaendelea kula akiwa amelegea, labda hatua tano au sita, amrushie kipande cha maini kilicho kikubwa kama ncha ya kidole, kisha aondoke. Arudie mara chache kila mlo, na baada ya siku kadhaa, iwapo mbwa anainua kichwa kwa furaha anapomwona, asogee nusu hatua. Mwili ukikakamaa, mmekwenda haraka mno, basi rudini kwenye umbali wa jana. Kazi hii huchukua majuma, na mtoto asishirikishwe hata kidogo. Naomba pia mwache ile desturi ya kumnyang’anya sufuria ‘ili azoee’, kwa sababu inamthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa. Mkiona ukali unazidi, simamisheni zoezi na mrudi kwa daktari.

Kuruka getini ni jambo jepesi zaidi. Mbwa huruka kwa sababu kuruka kunamlipa: mmoja anamsukuma kwa mikono, mwingine anapiga kelele, na kwake yote hayo ni mchezo. Anayeingia amgeuzie mgongo, akunje mikono na kunyamaza, kisha amsalimie mara tu miguu yote minne inapogusa chini. Kwa siku za mwanzo ataruka zaidi, kama mtu anayebonyeza swichi mara nyingi taa isipowaka, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Nyumba nzima ifuate utaratibu mmoja; mjomba mmoja anayempapasa akiwa hewani anatosha kuharibu kazi ya wiki nzima. Wageni wasiojua utaratibu huo wakija, mfungeni mbwa kamba kwanza.

SWALI: Daktari, mbwa wangu wawili hubweka usiku kucha, na majirani wamenishitaki kwa mjumbe. Mchana nawafunga mnyororo. Nawakemea dirishani lakini wapi.
Msomaji, Temeke, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu yangu, ukipaza sauti dirishani, mbwa hawaelewi kwamba unawakataza, kwao na wewe umeamka kubweka pamoja nao. Hapa kupuuza nako hakutasaidia, kwa kuwa malipo yao hayatoki kwako. Mpita njia hupita, wao hubweka, mpita njia hutoweka, nao huamini kwamba wamemfukuza. Ziba kwa mabati au mbao ile sehemu ya uzio wanayochungulia barabara, na usiku walale upande wa mbali na njia.

Lakini chanzo, kwa maoni yangu, ni mnyororo. Mbwa aliyekaa mahali pamoja tangu asubuhi ana nguvu za siku nzima ambazo hakuzitumia, na usiku ndio nafasi yake ya pekee. Watembeze jioni kwa kamba, nusu saa au zaidi, kisha uwape chakula. Wakibweka mara tatu nne kwa mtu aliye getini, nenda, sema ‘basi’ kwa sauti ya kawaida, na wape kipande cha nyama wanaponyamaza; baada ya muda neno lenyewe litawatosha, na bado utakuwa na walinzi. Hakikisha pia wana chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa akimuuma mtu yeyote, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo.

SWALI: Mbwa wangu wa miezi mitano hutafuna viatu nikiwa kazini. Nikirudi anainamisha kichwa na kujificha, kwa hiyo anajua amekosa. Kwa nini anarudia?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Dada, sura hiyo imewadanganya wafugaji wengi wenye nia njema. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa New York alichapisha jaribio ambamo wenye mbwa waliambiwa, wakati mwingine kwa uongo, kwamba mbwa wao alikula kitu alichokatazwa. Sura ya ‘mkosaji’ ilijitokeza zaidi pale mbwa alipokemewa, awe alikula au hakula. Mbwa wako anausoma uso wako na sauti yako unapofungua mlango. Kiatu alikitafuna saa nne asubuhi, na adhabu ya saa kumi na moja jioni hawezi kuiunganisha nacho, bali ataiunganisha na kurudi kwako.

Katika umri huo meno ya utotoni yanang’oka na fizi zinamwasha, hivyo lazima atafune. Weka viatu juu ya kabati, na kila unapoondoka umwachie kipande cha kamba nene kilichofungwa fundo, au mfupa mkubwa mbichi wa ng’ombe ikiwa kuna mtu wa kumwangalia. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, usimpe kamwe kwa sababu hupasuka vipande vikali. Usimpe kiatu chakavu achezee, kwa sababu hana namna ya kukitofautisha na kile cha Jumapili.