Mzee, shikamoo. Kuhusu bega na kamera nyepesi

Shikamoo mzee wangu. Umesema bega linauma kwa kubeba kamera ya Canon 5D Mark IV na lenzi ya kuvuta ya 70-200 f/2.8, sishangai, hizo mbili pamoja ni karibu kilo 2.4, halafu unazunguka nazo soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, asubuhi nzima.

Usikimbilie kununua bodi ya mirrorless (kamera isiyo na kioo ndani) ya fulfremu, yaani yenye sensa kubwa kama ya hiyo Canon yako, ukafunga lenzi zako zilezile kwa adapta, hapo hujapunguza kitu maana uzito mwingi uko kwenye lenzi. Angalia Micro Four Thirds, aina ya mirrorless yenye sensa ndogo na lenzi nyepesi. Olympus E-M10 Mark III ni gramu 410 hivi, lenzi yake ya 40-150 f/4-5.6 ni gramu 190 tu na inavuta kama 80-300 ya fulfremu, ndege wa kisiwa cha Saanane unawapata vizuri, mitumbwi ndo usiseme.

Ila kwenye giza nikwambie ukweli, sensa (sehemu inayopokea mwanga) ni ndogo, harusi za usiku ukumbini chengachenga kwenye picha zitakuwepo, kwahiyo Canon usiiuze, ibaki na lenzi ya 50mm kwa kazi hizo. Na betri za mirrorless zinaisha haraka mzee, chukua za akiba mbili kabisa, na mkanda uvae wa kukatiza kifuani, shingoni achana nao.