Kilichowainua ni kikao

Swali la wiki liliuliza hivi: mwanamke akishika silaha vitani, amani ikirudi hupata sauti katika siasa, au hurudishwa jikoni? Mimi ni mkazi wa Nachingwea, kusini mwa Tanzania, na jibu langu linatoka hapahapa, maana wanawake wa kwanza wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kufunzwa silaha walifunzwa kwetu.

Ninavyoona mimi, anapata sauti pale tu alipokuwa na kikao chake, yaani jumuiya ya wanawake wenyewe, tangu vita vikiendelea. Bunduki peke yake haimfikishi mbali.

FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962 na kuanza vita dhidi ya Wareno Septemba 1964. Mwanzoni wanawake walilima, wakapika na kubeba mizigo. Oktoba 1966 Kamati Kuu ikaamua kwamba nao wapewe mafunzo ya kijeshi, na mwaka 1967 wasichana 25 wakaingia kambini Nachingwea. Kikosi chao kiliitwa Destacamento Feminino, yaani Kikosi cha Wanawake. Watoto wa shule wa hapa mjini humtaja Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji, bila kusita, lakini ukiwauliza kuhusu wale 25 wananyamaza. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu historia hiyo imepita mlangoni mwetu.

Watu hupenda kuwafikiria wakifyatua risasi. Wapo waliopigana, ila sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa kusafirisha silaha, kulinda maeneo yaliyokombolewa, kulea yatima na kuingia vijijini kuhamasisha watu. Na mzigo wenyewe msiuchukulie kirahisi. Sanduku la risasi linatua juu ya ngata kichwani, mnavuka mto Ruvuma, mnaingia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kwa miguu siku baada ya siku, mwingine ana mtoto mgongoni, na ndege za Wareno zinawatafuta. Bibi mmoja wa Kimakonde, jirani yetu, alifanya kazi hiyo akiwa binti. Alinionyesha walivyokuwa wakipokezana sanduku bila kuliweka chini: wawili wanasimama ana kwa ana, wanachuchumaa kidogo kwa pamoja, mikono minne inalisogeza taratibu, shingo haigeuki. Lakini alisema mzigo haukumtisha kama siku alipoambiwa asimame mkutanoni azungumze na wazee wa kijiji. Binti wa umri wake hakuwa na ruhusa ya kusema mbele yao. Akasema. Wengine walimsikiliza, wengine waliinuka wakaondoka.

Hayo ndiyo mapambano ninayoyaheshimu zaidi, na hayakuishia vijijini. Hata ndani ya FRELIMO walikuwemo waliopinga wanawake kuwa askari. Josina Muthemba, kijana wa miaka 22, alisimama katika mkutano mkuu wa pili uliofanyika Niassa, Julai 1968, akatetea wanawake washiriki kikamilifu katika ngazi zote. Mwaka uliofuata akawa na jukumu la kuongoza kazi za ustawi wa jamii, vikiwemo vituo vya kulea watoto wa vita. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na miaka 25 tu, na siku hiyo ndiyo Siku ya Wanawake wa Msumbiji hadi leo. Wengi wanamfahamu kama mke wa Samora. Tafadhali tumtaje pia kwa kazi yake.

Kisha, Machi 1973, pale Tunduru, ikazaliwa jumuiya ya wanawake wa Msumbiji, OMM. Uhuru ulikuwa bado miaka miwili, Wareno bado wapo, na wanawake tayari wana jumuiya yenye jina, viongozi na madai yao, yakiwemo ya mahari na ndoa za wake wengi.

Linganisheni na Kenya. Muthoni wa Kirima alikaa msituni na Mau Mau hadi uhuru ulipofika, akafikia cheo cha juu cha Field Marshal. Lakini amri ya kikoloni ya kupiga marufuku Mau Mau ilibaki kwenye vitabu vya sheria hadi mwaka 2003. Miaka 40 ya uhuru, wapiganaji wale hawakuwa na haki ya kukutana kisheria kwa jina lao wenyewe. Mama kama huyo angedai nini, na angedai kupitia wapi? Alifariki mwaka 2023, heshima nyingi zikiwa zimemfikia uzeeni.

Sisemi Msumbiji walifanikiwa kila kitu. Baraza la kwanza la mawaziri, mwaka 1975, lilikuwa na mwanamke mmoja, Graça Machel, waziri wa elimu. OMM ilikuwa mkono wa chama, na chama kikisema tusubiri, ilisubiri. Sheria ya familia iliyoondoa kanuni kwamba mume ndiye mkuu wa nyumba ilipatikana mwaka 2004, karibu miaka 30 baada ya uhuru. Mwaka huohuo Luísa Diogo akawa waziri mkuu. Tangu 2010 kiti cha spika kimekaliwa na wanawake, na mwaka 2022 nusu ya mawaziri walikuwa wanawake. Nafurahia hatua hizo. Ila walionufaika zaidi ni wasomi wa Maputo, huku wengi wa wale waliobeba masanduku wakirudi kwenye mashamba ya mihogo huko Mueda. Deni hilo halijalipwa.

Na sasa kaskazini mwa Msumbiji kunawaka tena. Tangu Oktoba 2017, vita vya waasi vilipoanza Mocímboa da Praia, huko Cabo Delgado, wanawake na wasichana wametekwa, wengine wamekimbia na watoto, na baadhi wamevuka hadi upande wetu. Mipango ya kurudisha watu vijijini itaandikwa na watu waliokaa mezani. Kwa hiyo ninayotaka kujua kuhusu wanawake wa Cabo Delgado ni haya: wana kamati yao? Ina viongozi waliowachagua wenyewe? Na mkuu wa wilaya akitaka kugawa viwanja na mbegu, analazimika kuwaita kabla hajasaini?