Datsun inalala kwenye kona: nifunge stabilaiza nene?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Datsun 240Z ya 1972 niliyoachiwa na mjomba. Naishi Lindi, ila naenda nayo Mtwara mara kwa mara. Nikifika kwenye kona za Mikindani inalala upande kama jahazi lililoshiba upepo. Kuna mtu ananiuzia stabilaiza mbili, ya mbele milimita 25 na ya nyuma 22. Ya mbele iliyopo nimeipima, ni 18. Nyuma hamna kitu. Nifunge zote mbili?

JIBU: Marahaba mwanangu. Gari la mjomba wako si la kuchezea: 240Z ilishinda Safari Rally 1971 na tena 1973, kwenye vumbi na matope ya huku kwetu Afrika Mashariki. Kwa hiyo twende taratibu.

Stabilaiza ni fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Nayo ni springi, ila hii inafanya kazi kwa kujisokota. Ukipanda tuta magurudumu yote mawili kwa pamoja, inazunguka tu ndani ya bushi zake, yaani vile vishikizo vya mpira au plastiki, haikusaidii wala haikusumbui. Ukiingia kona, gurudumu la nje linapanda ndani ya bodi na la ndani linashuka. Hapo chuma kinasokotwa, kinakataa, na gari linalala kidogo. Tatizo ni kwamba shimo la upande mmoja nalo linakisokota. Ukifunga chuma kinene mno, kila shimo utalisikia shingoni.

Na unene usiuone mdogo. Ugumu unapanda kwa kipimo cha kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne. Kutoka 18 hadi 22 umeongeza zaidi ya mara mbili. Hadi 25 ni karibu mara nne. Ningekuwa mimi ningetafuta ya mbele ya 22, ile ya 25 ningemwachia mwenyewe.

Ya nyuma usiiguse kwanza. Upande unaokazwa zaidi kwa stabilaiza, mbele au nyuma, ndio unaotangulia kupoteza mshiko. Ukikaza mbele, gari linakuwa zito kukata kona, unapunguza mwendo, yameisha. Ukikaza nyuma kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, mkia ndio unaotoka. Kijana mmoja aliniletea gari lake kafunga ya nyuma peke yake, anajisifu. Mvua ya kwanza tu likamgeuka barabarani, likasimama linatazama lilikotoka, tairi moja kwenye tope la mikoko. Tulilivuta kwa kamba.

Kabla ya kutoa hela, kagua shokapu. Shokapu iliyokufa haiongezi kulala kwenyewe, ila gari linalala ghafla, kisha linayumba ukishatoka kwenye kona. Bonyeza kila pembe ya bodi uachie: likipanda na kushuka zaidi ya mara moja na nusu, anzia hapo. Angalia na bushi za mikono ya chini, ile inayoshika magurudumu.

Halafu kutu. Gari la pwani limekula chumvi miaka yote hiyo. Mahali brakiti za stabilaiza zinapokaa kwenye chasisi, pagonge kwa mpini wa bisibisi. Mlio mkavu ni salama. Pakilia *bvu*, mtafute fundi wa kuchomelea kwanza, maana chuma kinene kitang'oa bati lililooza.

Wakati wa kufunga, nati zishike kwa mkono tu gari likiwa juu. Lishushe likae kwa magurudumu yake, sehemu tambarare, ndipo ukaze. Ukikaza likiwa limeinuliwa upande mmoja, unaweza kufungia stabilaiza ikiwa tayari imesokotwa. Kata usukani mwisho kulia, mwisho kushoto, uone kama chuma kinagusa tairi. Bushi za plastiki ngumu zipake grisi ya silikoni. Za mpira usizipake grisi ya kawaida, inaziozesha.

Endesha Lindi hadi Mtwara mara moja, upepo wa tairi uwe uleule uliouzoea. Ukifika, ingia chini na spana ukaze tena nati za linki, vile vijiti vinavyoshika ncha za stabilaiza.