Maganda ya .308 yanarefuka tena baada ya kupunguzwa: dai kwanza, kalipa baadaye

Mkuu, umesema umeokota maganda yako ya .308 Winchester (risasi ya bunduki ya kuwindia) kwenye uwanja wa shabaha ili uyajaze upya, ukayasafisha, ukayapunguza yote hadi inchi 2.005 kama kitabu kinavyotaka, halafu ulipoyapitisha kwenye dai, yaani kile kifaa cha chuma cha kurudishia ganda umbo lake, baadhi yakawa marefu tena. Mashine yako ni nzima. Ulianza na kazi iliyotakiwa kuja baadaye, basi.

Ganda likifyatuliwa hutanuka hadi likajaa chemba, yaani nafasi linapokaa ndani ya bunduki. Dai inapolirudisha kwenye umbo lake inalibana ubavuni, na shaba iliyobanwa hukimbilia mdomoni. Isitoshe, wakati wa kulichomoa, ile goroli ya kutanulia shingo hupita ndani na kuivuta shingo. Kama ndani ni pakavu utaisikia ikilia kwiii, na ganda hilo ukilipima utakuta limewazidi wenzake. Mimi hupitisha brashi ya nailoni yenye mafuta kidogo sana ndani ya shingo, kelele inaisha. Kwa hiyo paka mafuta, pitisha kwenye dai, futa, pima urefu kwa kalipa (kile kipimio cha mkononi), na kupunguza ndiyo kufuate.

Yaliyozidi inchi 2.015 usiyafumbie macho. Ganda refu kupita kiasi huingiza mdomo wake pale chemba inapoanza kuwa nyembamba kuelekea kwenye mtutu. Chuma kinaubana mdomo juu ya kichwa cha risasi, kichwa kinashindwa kuachiwa kwa wakati, na presha inapanda ghafla hata kama baruti umeipima sawasawa. Hayo yapunguze tena. Yaliyo kati ya 2.005 na 2.015 ni salama, yaache. Wapo wanaoyapunguza yote yalingane, na kwa anayekaza mdomo kwa krimpu ulingano una maana. Kwa wewe unayewinda kulungu naona ni kuchosha mkono bure.

Ukishapunguza, mdomo unabaki na makali. Chukua kile kikata makali cha mkononi, zungusha taratibu nje, kisha ndani, mizunguko miwili mitatu inatosha. Pitisha kidole: pasikwaruze, lakini pia pasiwe pembamba kama wembe. Ukiruka hatua ya ndani, wakati wa kuingiza kichwa cha risasi utaona vinyuzi vya shaba nyekundu vimechunwa na kujikunja shingoni.

Sasa jambo ambalo hukuuliza. Shaba unayoikata mdomoni haikuota hapo, imesogea kutoka chini, na ukuta wa ganda karibu na kitako unazidi kuwa mwembamba. Ganda linalodai kupunguzwa kila baada ya kufyatuliwa linakuambia dai yako inarudisha bega (pale ganda linapoanza kupungua kuelekea shingoni) nyuma mno. Kwa bunduki ya bolti, kurudisha bega inchi 0.001 hadi 0.002 kunatosha. Nyoosha klipu ya karatasi, ikunje ncha kama ndoano ndogo, uikwangue ndani ukitoka chini kwenda juu. Ikikwama kwenye kijishimo, au ukiona nje mstari unaong'aa umelizunguka ganda juu kidogo ya kitako, liponde kwa koleo na ulitupe. Usilihurumie, litakatika ndani ya chemba.

Katika ya kuokota hutakosa ya kijeshi. Chungulia ndani: ukiona matundu mawili madogo badala ya moja katikati, hiyo ni ganda la aina ya Berdan, itakuvunjia sindano ya kutolea fataki (kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti). Yenye tundu moja yanafaa, ila fataki zake mara nyingi zimebanwa kwa pete, na lazima uikate hiyo pete kabla ya kuweka fataki mpya.

Vumbi la kusafishia maganda lina risasi kwa maana ya madini yenyewe, inatoka kwenye fataki. Fanyia gereji mlango ukiwa wazi, si jikoni, na unawe kwa sabuni kabla ya kushika mtoto.

Na kwa mnaosoma mkiwa nyumbani: hapa Marekani sheria ya shirikisho haidai leseni ukijijazia risasi za matumizi yako, ila ukitaka kuuza unahitaji. Tanzania na Kenya kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai, msijaribu.

Ukishayapitisha tena, niambie ni mangapi yamezidi 2.015, na dai umeikaza mpaka inagusa kishikio cha ganda (kile kinachoshika kitako kwenye mashine) au umeacha nafasi. Tukijua hilo tutaona kama bega ndilo tatizo.