Mvumo katika hedifoni za kuzuia kelele: utafute chanzo kabla ya kubadilisha spika

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Ninafanya kazi ya kunukuu mahojiano yaliyorekodiwa, na kwa kuwa nyumba yangu iko kando ya barabara hapa Tanga, nilinunua hedifoni kubwa za kuzuia kelele ambazo zilikwisha kutumika. Huziunganisha na kompyuta mpakato kwa waya. Tatizo ni mvumo wa chini usiokoma, ambao huzidi jioni ninapozichaji huku nikiendelea na kazi. Zaidi ya hapo, upande wa kushoto hutoa mlio wa kukwaruza kila ninapowasha kizuia kelele, hata kama sichezi sauti yoyote, na mlio huo huongezeka magari yanapopita. Fundi mmoja ameniambia kwamba spika zote mbili zimekufa na zinahitaji kubadilishwa. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, nakusihi usitoe fedha bado. Maelezo yako mwenyewe yanaonyesha kuwa una hitilafu mbili zisizohusiana, na hakuna kati yake inayoelekea moja kwa moja kwenye spika zote mbili. Mvumo unaozidi wakati wa kuchaji unaletwa na umeme kutoka nje ya hedifoni, ilhali mkwaruzo wa upande mmoja, unaotokea tu kizuia kelele kinapowashwa, unatoka ndani ya upande huo. Mtu akiziunganisha dalili hizi mbili kuwa ugonjwa mmoja, atabadilisha vipuri vizima na mvumo utabaki palepale.

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa chochote. Chomoa waya wa sauti, chomoa waya wa chaji, zima Bluetooth, weka simu chumba kingine, kisha vaa hedifoni zikiwa zimewashwa kwa betri yake yenyewe mahali penye utulivu. Sauti itakayobaki ni ya hedifoni, na ile itakayotoweka ililetwa na kimojawapo cha vitu ulivyoviondoa, hivyo virudishe kimoja kimoja hadi uisikie tena. Mchakacho mwembamba sana, ulio sawa pande zote mbili kizuia kelele kinapowashwa, usikutie wasiwasi, kwani hiyo ni kelele ya kawaida ya maikrofoni na amplifaya, na husikika kwa sababu tu sauti nyingine zimeondolewa.

Sasa tuuangalie mvumo. Umeme wa majumbani katika Afrika Mashariki ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na unapovuja kuingia kwenye njia ya sauti husikika kama mvumo mzito wa hezi 50 au 100. Unapounganisha hedifoni na kompyuta kwa waya wa sauti, na papo hapo ukazichaji kwa waya wa pili, iwe kutoka kompyuta hiyohiyo au kutoka chaja ya simu iliyo ukutani, unakuwa umevipa vifaa hivyo njia mbili za kuungana upande wa hasi. Mkondo mdogo huzunguka katika njia hizo, na upande huohuo wa hasi ndio unaotumiwa na waya wa sauti kama kipimo cha sifuri. Kipimo hicho kikitikisika, amplifaya huichukulia tikisiko hiyo kuwa sehemu ya sauti na kuikuza pamoja na mahojiano yako.

Hali huwa mbaya zaidi pale chaja ya kompyuta inapotumika bila waya wa ardhini. Ndani ya chaja nyingi kuna vichujio ambavyo hupitisha mkondo mdogo mno kwenda kwenye bodi ya kompyuta, yaani ganda lake la nje, na katika chaja iliyotengenezwa kwa plagi ya pini tatu, waya wa ardhini ndio unaouondoa. Ukiichomeka chaja hiyo kwenye adapta ya pini mbili, au kwenye soketi ambayo waya wake wa ardhini haujaunganishwa popote, mkondo huo hauna pa kwenda ila kwenye vifaa vilivyoungana na kompyuta. Kama bodi ya kompyuta yako ni ya chuma, unaweza kuuhisi kwa mkono: pitisha migongo ya vidole taratibu juu yake ikiwa kwenye chaji, na ngozi itahisi mtetemo mwembamba unaotoweka mara tu chaja inapochomolewa.

Tiba yake ni nafuu. Zichaji hedifoni kabla ya kuanza kazi, usizichaji wakati wa kuzitumia kwa waya. Kisha iendeshe kompyuta kwa betri kwa dakika chache. Mvumo ukikatika kabisa, tafuta waya kamili wa pini tatu na umwombe fundi umeme akague kama soketi ile ina waya wa ardhini unaofanya kazi kweli. Chaja ya simu ya bei ya chini sana, isiyo na vichujio vya kutosha, nayo huongeza sauti nyembamba juu ya mvumo, kwa hiyo ibadilishe kwa majaribio. Ikiwa hayo yote hayatoshi, kuna kitenga sauti chenye transfoma ndogo ambacho huchomekwa katikati ya waya wa sauti na kukata muungano wa umeme huku sauti ikipita. Yapo mashauri ya kukata pini ya ardhini ili mvumo uishe. Usiyafuate kabisa: pini hiyo ndiyo inayokulinda chaja inapoharibika, na hakuna ubora wa sauti unaostahili hatari ya kupigwa na umeme.

Kuhusu simu nitasema kwa ufupi. Ukisikia mlio wa kukatakata sekunde chache kabla ya simu kuita, hiyo ni redio ya simu inayowasiliana na mnara kwa mtandao wa 2G, ambao hutuma mawimbi kwa mapigo yapatayo 217 kwa sekunde, na waya wa hedifoni huyanasa kama antena. Isogeze simu mbali na waya, nayo itatulia.

Upande wa kushoto unahitaji subira zaidi, na ili uupime vizuri ni lazima ujue kinachotendeka ndani yake. Kila kikombe cha hedifoni za namna hii huwa na maikrofoni inayosikiliza nje, na katika nyingi kuna nyingine ya ndani, karibu na spika. Mtambo husoma kelele, hutengeneza wimbi lililo kinyume chake, na spika hulitoa ili mawimbi hayo mawili yafutane. Kazi hii hufanikiwa kwa sauti za chini, kwa kuwa wimbi la hezi 100 lina urefu wa takriban mita 3.4 hewani na ni rahisi kulilinganisha, lakini wimbi la hezi 3,000 lina sentimita 11 hivi tu, na kosa dogo la muda huharibu hesabu. Kwa hiyo, magari yanapopita, spika yako hufanya kazi kubwa ya sauti za chini hata kama hujacheza chochote. Ndiyo maana mkwaruzo huongezeka wakati huohuo.

Uwezekano wa kwanza ni unywele au punje ya mchanga iliyotua juu ya kiwambo cha spika, yaani utando unaotetemeka kutoa sauti. Zima kizuia kelele, cheza sauti ya majaribio inayopanda kutoka hezi 20 hadi 200 kwa kiwango cha chini, na usikilize kila upande peke yake. Upande wa kushoto ukikwaruza hapo pia, ondoa mto wa sikio na uangalie kwa tochi. Uchafu uondolewe kwa brashi laini huku kikombe kikiwa kimeinamishwa chini. Usitumie sindano, wala pampu ya upepo, maana kiwambo ni chembamba na hupasuka au kubonyea kwa urahisi. Pande zote mbili zikiwa safi katika jaribio hili, spika zako ni nzima, na hilo ndilo jibu la swali lako kuhusu kauli ya fundi.

Uwezekano wa pili ni maikrofoni iliyoingiwa na jasho au vumbi. Kizuia kelele kikiwa kimewashwa, funika kitundu cha nje cha upande wa kushoto kwa ncha ya kidole bila kubonyeza. Mlio ukibadilika au ukanyamaza, mshukiwa ni maikrofoni hiyo. Kama hedifoni zako zina hali ya kusikia mazingira, iwashe pia, kwa kuwa hali hiyo hutumia maikrofoni za nje: mkwaruzo ukisikika katika hali zote mbili, kosa huwa nje, ukisikika kwenye kizuia kelele peke yake, elekeza macho kwenye maikrofoni ya ndani. Hitilafu za jinsi hii hutokea hata kwa watengenezaji wakubwa. Mwaka 2020 Apple ilitangaza mpango wa kuhudumia AirPods Pro, vipokea sauti vyake vidogo vya ndani ya sikio, zilizotengenezwa kabla ya Oktoba mwaka huo, zilizokuwa zikikwaruza hasa katika mazingira ya kelele.

Uwezekano wa tatu, ambao nauona ukipuuzwa mno, ni mto wa sikio. Mtambo umepangwa kwa kudhani kwamba kikombe kimeziba vizuri. Mto uliopasuka, miwani yenye mikono minene, au kitambaa cha kichwa kilichopita chini ya mto huacha upenyo, na hapo maikrofoni ya ndani husikia kisichotarajiwa, mtambo ukajirekebisha kupita kiasi na kutoa mngurumo au mluzi. Ngozi bandia huchakaa upesi katika joto na unyevu wa pwani, na kwa hedifoni zilizokwisha kutumika ni vyema ukague kama mmiliki wa awali hakuweka mito ya aina nyingine, ambayo sponji yake huenda inaziba kitundu cha maikrofoni. Bonyeza kikombe taratibu kuelekea kichwani: mlio ukikoma, nunua mito inayolingana na modeli yako.

Iwapo baada ya haya yote mkwaruzo unabaki, zipeleke kwa fundi, lakini mweleze matokeo ya kila jaribio na umwombe aanze na maikrofoni za upande wa kushoto pamoja na viunganishi vyake, bila kuufungua upande wa kulia.